Prosesa ya zamani au mpya? Shajara ya seva ya duka la spea, Gerezani

11 Agosti 2025

Duka ni la spea za magari, jumla na rejareja, Gerezani hapa Kariakoo. Stoo iko Vingunguti na tawi dogo liko Tegeta. Watu wapatao kumi na tano huingia kwenye mfumo kwa wakati mmoja: kaunta, stoo, mhasibu na vijana wa kuchukua oda. Mfumo ni Odoo, programu ya mauzo, stoo na ankara, juu ya hifadhidata ya PostgreSQL. Pembeni kuna programu ya hesabu ya Windows ambayo mhasibu hataki kuiacha, na namwelewa, maana kumbukumbu za kodi za miaka ya nyuma zote zimo humo.

Kinachobeba vyote hivyo leo ni kompyuta ya mezani yenye Core i5-4590, prosesa ya mwaka 2014, ramu ya GB 16 na diski moja ya kuzunguka. Asubuhi wateja wakijaa, ankara inachelewa hadi mteja anaanza kuchungulia duka la jirani. Mwisho wa mwezi, ripoti ya thamani ya mzigo ikifunguliwa, kaunta nzima inasimama.

Mezani kwa mama mwenye duka nimekuta karatasi mbili za bei. Ya kwanza ni ya seva ya mtumba, Dell PowerEdge R720, prosesa mbili za Xeon E5-2650 v2, ramu ya GB 128, pawa saplai mbili. Ya pili ni ya seva ndogo mpya, ya kusimama kama kompyuta ya mezani, prosesa moja ya kori nne (kori ni kitengo cha kufanyia kazi ndani ya prosesa), ramu ya GB 32, na bei yake ni zaidi ya maradufu ya ile ya kwanza. Mdogo wake mama amekwisha kutoa ushauri: "Dada, hii ina kori kumi na sita, ile ina nne. Hapo kuna cha kuuliza?" Mama akanigeukia: "Fundi, wewe unasemaje?"

Nimemwomba aniache kwanza nipime kazi inayofanyika humu ndani, ndipo tuzungumze mashine.

Naandika shajara hii kwa ajili ya mafundi wenzangu, kwa sababu swali hili nakutana nalo kwenye kila duka linalokua. Seva za mtumba kutoka Ulaya na Dubai zimejaa, bei zake zinavutia, na mnunuzi mara nyingi anahesabu kori na GB basi. Idadi ya kori inakuambia maombi mangapi yanaweza kushughulikiwa kwa pamoja. Haikuambii ombi moja litakwisha baada ya muda gani, na mteja aliyesimama kaunta anasubiri ombi moja tu, la kwake.

13 Agosti

Nimeacha vmstat na iostat, programu za kupima kazi ya prosesa na diski, zikirekodi tangu duka linafunguliwa hadi jioni. Upande wa PostgreSQL nimewasha pg_stat_statements ili nione ni maswali yapi yanayokula muda. Majibu ni mawili, na hayafanani.

La kwanza ni la asubuhi. Kwenye msongamano wa ankara prosesa karibu inalala. Kilichopanda ni safu ya kusubiri diski. Kila ankara inapothibitishwa, PostgreSQL hairudishi jibu mpaka diski ikiri kwamba maandishi yamekaa salama. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika inazunguka mara 120 kwa sekunde, yaani mzunguko mmoja unapita milisekunde 8. Hapo bado hujahesabu kurasa zilizotawanyika ambazo ilibidi zisomwe kwanza, kila moja ikisubiri kichwa cha diski kifike mahali pake. Hata ungeweka prosesa ya namna gani, diski hiyo ingeisubirisha vile vile.

La pili ni la ripoti ya mzigo. Hapa kori moja inagonga asilimia 100 na kukaa huko huko, nyingine tatu hazina kazi. Sababu iko kwenye jinsi programu zilivyojengwa. Odoo imeandikwa kwa Python, na kila ombi hushughulikiwa na mchakato mmoja, kwenye kori moja, mwanzo hadi mwisho. PostgreSQL nayo humpa kila aliyeunganishwa mchakato wake. Tangu toleo la 9.6 la mwaka 2016 inaweza kugawa swali moja kubwa kwa kori kadhaa, lakini si kila swali hugawika, na maswali ya ripoti hii ni mengi madogo madogo yanayofuatana, kila moja likisubiri jibu la lililotangulia.

Mwongozo wa Odoo wenyewe unatoa kanuni mbili za kuanzia: idadi ya michakato ni kori mara mbili, ongeza moja; na mchakato mmoja unatosha watumiaji sita hivi wanaofanya kazi kwa pamoja. Watu kumi na tano wanahitaji michakato mitatu. Kori nne zinaruhusu tisa. Kwa duka hili kori nne ni nyingi kuliko kazi iliyopo.

Sasa linganisha i5-4590 iliyopo na E5-2650 v2 inayotakiwa kununuliwa. I5 ni ya kizazi cha Haswell na inapanda hadi gigahezi 3.7. E5-2650 v2 ni ya Ivy Bridge, kizazi kilichotangulia, ilitoka mwaka 2013, mwendo wake wa msingi ni gigahezi 2.6, na ikijikaza hufika 3.4, tena wakati kori chache tu ndizo zenye kazi. Kori kwa kori, kompyuta ya mezani iliyopo ina nguvu zaidi. Mama angelipa fedha zake, angefungiwa mashine kubwa yenye feni za kelele, halafu ripoti ya mwisho wa mwezi ingechukua muda mrefu kuliko sasa. Jambo hili lilinigusa kweli. Fedha hizo ni za biashara ya mama aliyeanza na meza moja ya plagi na mikanda ya feni.

15 Agosti

Kabla ya kununua chochote nimehamishia mfumo kwenye SSD ya kuazima, yaani diski isiyozunguka, kwenye kompyuta ile ile. Malalamiko ya ankara za asubuhi yamekwisha siku hiyo hiyo. Ripoti imepata nafuu kiasi, na haisimamishi tena kaunta, lakini yenyewe bado ni ndefu, na kori moja bado inagonga juu.

Hatua hii naisisitiza kwa fundi yeyote anayesoma. Kilichobaki baada ya SSD ndicho kazi halisi ya prosesa. Wengi wanaosifu seva mpya kwa kasi yake wanasifu diski iliyokuja nayo, bila kujua.

Mdogo wake mama ameuliza, kwa nini basi tusiishie hapo? Ni swali la haki. Nimemjibu: "Kaka, kompyuta hii haina ramu ya ECC, haina diski pacha ya kushika nakala ile ile, na umri wake ni mkubwa. Siku madabodi ikifa saa nne asubuhi, duka limefungwa." ECC ni ramu inayogundua biti iliyogeuka na kuirekebisha papo hapo. Kwenye mashine inayowaka mwaka mzima na kubeba madeni ya wateja, siwezi kuiacha ECC nikalala usingizi.

19 Agosti

Nimezunguka madukani na kupiga simu. Zilizobaki mezani ni nne.

R720 ile ile, E5-2650 v2 mbili, ramu ya DDR3. Bei ya chini kuliko zote.

R730 ya mtumba, prosesa mbili za Xeon E5-2680 v4 za mwaka 2016, kizazi cha Broadwell, kori 14 kila moja, ramu ya DDR4. Bei imepanda kidogo tu.

Seva ndogo yenye Xeon E-2334, iliyotoka mwaka 2021: kori nne, nyuzi nane (kila kori hushika kazi mbili kwa pamoja), gigahezi 3.4 hadi 4.8, wati 65, ramu ya DDR4 yenye ECC. Ni mzigo mpya ambao haujafunguliwa, umekaa ghalani kwa muuzaji kwa sababu kizazi kingine kimeingia, na bado anautolea dhamana.

Seva ndogo yenye Xeon E-2434, ya mwisho wa 2023: kori nne pia, hadi gigahezi 5.0, wati 55, ramu ya DDR5. Ndiyo iliyokuwa kwenye karatasi ya pili ya mama, ghali kuliko zote.

Kwa kazi ya kori moja, E-2334 iko karibu maradufu ya E5-2650 v2. Mbele ya E5-2680 v4 bado inaongoza kwa nafasi kubwa. E-2434 inaipita E-2334, lakini kwa nafasi ndogo ambayo mtu wa kaunta hataiona.

20 Agosti

Leo ni umeme, na hapa ndipo mtumba unapoanza kudai fedha zake.

Muuzaji wa R720 ni muungwana, ameniruhusu niichomeke kwenye kipima wati changu pale pale dukani kwake. Ikiwa imewaka bila kazi ilikuwa juu kidogo ya wati 100. Nilipozipa kori zote kazi ilipita 200. Seva ndogo ya E-2334, ikiwa na SSD mbili, inakaa kwenye thelathini na kitu ikiwa imetulia, na kwa kuwa kazi ya duka ni ya kushtukiza, muda mwingi wa siku itakuwa imetulia.

Nimechukua tofauti ya wati 80 kwa wastani, kwa makusudi nisiipendelee seva mpya. Wati 80 usiku na mchana, mwaka mzima, ni uniti 700. Duka liko kwenye daraja la bei la T1 la TANESCO, ambako uniti moja, kodi na tozo zikiwemo, ni takriban shilingi 356. Hiyo ni karibu shilingi 250,000 kwa mwaka, na kwa miaka mitano ni milioni moja na robo. Karibu pengo lote la bei kati ya R720 na E-2334 limeliwa na LUKU, yaani fedha za umeme. Sijaongeza kiyoyozi, ingawa kila wati inayoingia kwenye seva inatoka kama joto, na chumba cha seva hapa Gerezani ni kile kile cha kuhifadhia maboksi, dirisha moja linalotazama paa la bati.

Halafu kuna UPS, kifaa cha betri kinachoshika seva umeme ukikatika. Iliyopo ina betri mbili za volti 12, 9Ah kila moja, yaani wati-saa 216 kwa karatasi. R720 ikiwa kazini kwa wati 150 ingepata saa moja na nusu kwa hesabu ya karatasi, na hali halisi ni pungufu sana, kwa sababu betri ya risasi ikinyonywa haraka hutoa kidogo kuliko ilichoandikiwa. Ile 9Ah imepimwa kwa kunyonywa taratibu, saa ishirini. Mzigo wa wati 40 uko karibu zaidi na hali hiyo, kwa hiyo faida ni mara mbili: unatumia kidogo, na betri yenyewe inatoa zaidi. Jenereta ya pamoja ya jengo haiwaki kila umeme unapokatika. Kwa duka hili, saa kadhaa za UPS zina thamani kuliko kori kumi na mbili za ziada.

22 Agosti

Leseni na mifumo endeshi. Nimekaa na mhasibu, dada mtulivu anayejua tarehe zote za kodi za TRA kwa kichwa, tukaorodhesha kinachohitaji Windows. Ni programu moja tu. Itakaa ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya seva, na Odoo kwenye mashine pepe nyingine, zote juu ya Proxmox, mfumo wa kuendesha mashine pepe.

Tangu toleo la 2016, Windows Server kwa kawaida hulipiwa kwa kori za mashine halisi, hata kama mashine pepe yako inatumia mbili tu. Kiwango cha chini ni kori 16 kwa seva. Seva ya kori nne inalipia 16, R720 inalipia 16. R730 yenye E5-2680 v4 mbili inalipia 28, zote, na kama baadaye mtu ataweka SQL Server kwa leseni za kori, mtego unaweza kuwa ule ule. Muuzaji wa mtumba hakutaja hili, na sidhani kama alificha, kwani wateja wake wengi wanaweka Windows bila kulipia. Mama hataki hivyo, na mimi siweki hivyo.

Upande wa Linux kuna mstari mwingine. Mwezi Mei mwaka huu ilitoka Red Hat Enterprise Linux 10, na inadai prosesa zinazotimiza kiwango kinachoitwa x86-64-v3, ambacho ndani yake kuna AVX2, maelekezo ya kukokotoa namba nyingi kwa pamoja. AVX2 iliingia na Haswell mwaka 2013. E5-2650 v2 haina. E5-2680 v4 inayo. Rocky Linux 10 imefuata mstari huo huo, wakati AlmaLinux 10 imetoa pia toleo la v2 kwa wenye mashine za nyuma. Debian 13, iliyotoka tarehe 9 mwezi huu, bado inakubali prosesa za zamani kabisa za biti 64, na Proxmox 9 imejengwa juu yake. Kwa hiyo R720 haijafungiwa mlango leo. Lakini milango iliyobaki inahesabika, na seva ya duka hununuliwa ikae.

25 Agosti

Usalama. Nimerudi kwa muuzaji wa R720 na flashi yenye Debian, nikaiwasha na kuandika lscpu, amri ya kuonyesha taarifa za prosesa. Mwisho wa majibu kuna orodha ya udhaifu unaojulikana wa prosesa na hali ya kinga kwa kila mmoja. Mingi ilikuwa na kinga ya programu. Mstari wa Mmio stale data ulisema: Unknown: No mitigations. Maana yake ni kwamba prosesa hiyo imetoka kwenye orodha ya zinazochunguzwa na Intel, kwa hiyo hakuna anayesema ni mzima wala mgonjwa.

Mengi ya hayo yalianza Januari 2018, kasoro za prosesa za Meltdown na Spectre zilipotangazwa. Meltdown iliruhusu programu ya kawaida kusoma kumbukumbu ya kiini cha mfumo endeshi. Kinga yake kwenye prosesa za zamani ni ya programu, na gharama inalipwa kila programu inapoingia na kutoka kwenye kiini. Hifadhidata hufanya hivyo bila kupumzika. Agosti 2018 ikaja kasoro nyingine, L1TF, Mei 2019 ikaja MDS, na hizi zinawahusu hasa wanaoendesha mashine pepe, kwa sababu kinga kamili inadai uzime utaratibu wa nyuzi mbili kwa kila kori, ubaki na uzi mmoja. Zile nyuzi 32 zilizoandikwa kwenye karatasi ya bei zinarudi kuwa 16.

Na E-2334 nayo isisifiwe kupita kiasi. Meltdown haiihusu, lakini kasoro ya Downfall ya Agosti 2023 inaihusu, maana inagusa vizazi vya Intel kuanzia Skylake hadi Rocket Lake, na E-2334 ni Rocket Lake. Ajabu ni kwamba Ivy Bridge na Broadwell hazimo kwenye hiyo. Intel ilisema kinga yake inaweza kupunguza kasi ya baadhi ya kazi hadi asilimia 50, lakini hizo ni hesabu nzito za kukusanya data iliyotawanyika kwa maelekezo maalumu ya AVX, na ankara za spea hazimo. Ninachokijali ni kwamba prosesa hii bado inapokea masasisho ya maikrokodi, yaani programu ndogo ya ndani ya prosesa, na kasoro ikigunduliwa mwakani kuna mtu mwenye wajibu wa kuitengenezea dawa.

27 Agosti

Kijana mmoja wa kompyuta amemletea mama pendekezo jingine: kompyuta ya kuunganisha yenye Core i7-14700, kori 20, kwa bei inayokaribiana na seva ndogo. Kwa namba ina kasi kuliko zote nne. Nimelichunguza kwa heshima, kwa sababu mawazo kama haya mara nyingine huokoa fedha.

Nimelikataa kwa mambo mawili. ECC kwenye prosesa za Core za kizazi cha 12 na kuendelea inahitaji madabodi yenye chipu maalumu kama W680, na aliyopendekeza haikuwa ya aina hiyo. La pili ni la kihistoria: baadhi ya prosesa za mezani za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa na tatizo la volti lililozichakaza mapema. Intel ilitoa maikrokodi za kulizuia mwaka 2024 na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Prosesa mpya yenye maikrokodi hizo inaweza kuwa salama kabisa. Hata hivyo duka hili halina mtu wa kufuatilia masasisho ya bayosi, na upya wa kitu unakuja na maswali ambayo wengine watayajibu kwa kuumia kwanza. Nampendelea aliyekwisha kaa sokoni miaka minne.

28 Agosti

Nataka kuutendea haki mtumba, maana nimekuwa nikiupinga ukurasa baada ya ukurasa.

R730 na E5-2680 v4 ni mashine ya maana. Kila prosesa ina njia 40 za PCIe, za kuunganishia kadi na diski, dhidi ya 20 za E-2334. Ramu ya E-2334 inaishia GB 128, wakati R730 inapokea mara nyingi zaidi ya hapo kwa DDR4 ya mtumba ambayo bei yake ni nafuu. Pawa saplai mbili, unaweza kuchomoa moja bila kuzima seva. Kadi ya usimamizi wa mbali imo ndani. Spea zake Kariakoo unapata: feni, trei za diski, hata madabodi. Ningekuwa najengea chuo maabara ya mashine pepe ishirini, au studio inayochakata video usiku, au ofisi ya kuhifadhi mafaili makubwa, ningeichukua kesho asubuhi. Hizo ni kazi zinazogawika, na kori zake zingefanya kazi kweli.

R720 sasa ningeichukua kwa kujifunzia tu.

2 Septemba

Kikao, baada ya kufunga duka. Mama, mdogo wake, mhasibu na mimi.

Mama alianza: "Mwanangu, kori kumi na sita umezikataa. Hebu nieleze kwa lugha ya duka."

Nikamwambia: "Mama, ni kama kuajiri wapagazi kumi na sita wasio na haraka, halafu mzigo wenyewe ni boksi moja la kubebwa na mtu mmoja. Kumi na tano watakaa, na boksi litafika polepole. Na wote kumi na sita wanakula mchana."

Akacheka, kisha akaniuliza swali ambalo ndilo hasa nilikuwa nikilisubiri: "Na hii ya bei ya juu kuliko zote, kwa nini nayo huitaki?" Nikaeleza kwamba tofauti ya kasi kati ya E-2434 na E-2334 haitaonekana kaunta, bali tofauti ya bei inaonekana sana. Fedha hiyo ninaitaka kwenye SSD za seva zenye kapasita za kulinda data umeme ukikatika. SSD ya kawaida ikilazimishwa kuandika salama kila ankara hupungua kasi. Yenye kapasita inaweza kukiri mara moja, kwa sababu hata umeme ukikatika ina akiba ya kumalizia kuandika. Kwa hifadhidata hilo linazidi gigahezi.

Mdogo wake mama aliniomba karatasi ya hesabu ya LUKU, akaipitia mstari kwa mstari kwa kikokotoo cha simu. Alipofika chini akasema, "Dada, chukua hiyo ya katikati." Mhasibu alitaka kujua jambo moja tu, kama programu yake itafunguka vile vile. Nikamwahidi kwamba siizimi ya zamani mpaka yeye mwenyewe afunge hesabu za mwezi kwenye mpya.

Uamuzi: Xeon E-2334, ramu ya ECC GB 64, SSD mbili za seva zenye kapasita, pacha.

9 Septemba

Seva imefika na imefungwa. Proxmox 9, diski pacha kwa mfumo wa mafaili wa ZFS. Odoo kwenye Debian 13 na PostgreSQL 17, Windows Server 2022 kwa mhasibu. Michakato ya Odoo nimeweka minne, sikuona sababu ya kufika tisa.

Kwa mafundi: kwenye bayosi mpangilio wa nguvu ulikuja kwenye hali ya kubana matumizi, na prosesa ilikuwa ikichelewa kupanda kwenye mwendo wake wa juu. Kwa kazi za kushtukiza kama ankara, kuchelewa huko ndiko kunakohisiwa. Nimeukabidhi mpangilio kwa mfumo endeshi, na wati za kutulia hazikupanda kwa kiasi cha kutaja. Pia washa hazina ya non-free-firmware kwenye Proxmox na uweke kifurushi cha intel-microcode. Bila hicho unategemea bayosi peke yake kwa masasisho ya prosesa, na bayosi za seva ndogo watu huzisahau. Baada ya kuwasha upya, soma lscpu mwenyewe, mstari kwa mstari.

Programu ya mhasibu ilimsumbua kwa printa tu, ikarekebishwa.

1 Oktoba

Mwisho wa mwezi wa kwanza umepita jana. Mhasibu alifungua ripoti ya thamani ya mzigo saa tano asubuhi, wakati kaunta imejaa, makusudi, na kaunta haikujua. Ripoti bado inatumia kori moja, kama ilivyotarajiwa, ila kori hiyo inakwenda, na data yote iko kwenye ramu. Kilele cha matumizi ya prosesa nzima kwa siku hiyo hakikufika nusu.

Umeme ulikatika juzi mchana kwa zaidi ya saa moja, jenereta ya jengo ikachelewa, na UPS ikashika hadi uliporudi, seva na swichi ya mtandao kwa pamoja.

Kompyuta ya i5-4590 imehamia stoo ya Vingunguti na diski mbili, inapokea bekapu kila usiku. Kwa kazi hiyo prosesa ya 2014 inatosha kabisa, na Debian 13 imekubali bila neno. Jumamosi ijayo tutafanya jaribio la kurejesha: nitaijenga hifadhidata nzima kwenye mashine ya Vingunguti kutoka kwenye bekapu, na mhasibu atachagua ankara kadhaa za Septemba kuzilinganisha na nakala zake za karatasi. Kilichobaki kununuliwa ni betri mpya za UPS ya stoo, na mama amekwisha idhinisha.